Kamba ya kupandia paa: ilikotoka na ipi ya kununua

Kabla ya vuli wengi wenu mnapanda juu ya ghala au nyumba kuziba bati linalovuja. Wachache mnajifunga kamba, na wengi wa hao hutumia ileile ya kufungia ng'ombe. Kijana mmoja niliyemkuta juu ya banda la mahindi alikuwa amejifunga kiunoni kwa kamba ya plastiki, ncha ya pili kaifunga kwenye papi. Nilipomuuliza alinijibu, "Afisa, hii inabeba magunia matatu." Ni kweli inabeba. Lakini gunia halianguki likiwa limefungwa.

Tuanze na paa lenyewe. Pwani, aliyeezeka makuti alikanyaga fito, akafunga kwa kamba ya makumbi: makumbi ya nazi yamefukiwa kwenye mchanga wa maji kwa miezi, yakafukuliwa, yakapondwa na kusokotwa. Kamba hiyo ndiyo iliyoshona vyombo vya mtepe. Paa la makuti lina mwinuko mkali, lakini mguu unapata pa kushika. Bati ni kitu kingine. Bati la migongo lilipata hataza mjini London mwaka 1829, kwa jina la Henry Robinson Palmer, na lilipotufikia lilileta utelezi ambao babu zetu hawakuwa nao. Asubuhi yenye umande, bati ni sawa na sabuni. Paa likabadilika, kamba tukaiacha ileile.

Halafu ikaja katani. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache yakazaliwa mashamba makubwa, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ikaongoza duniani, kwa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kamba ya katani ina sifa zake: haitelezi mkononi, na fundo lake linakaa. Kasoro yake ni kwamba huoza kutoka ndani. Ukiiacha stoo penye unyevu, nje itaonekana nzima huku nyuzi za katikati zimekwisha. Pia haivutiki sana, na hapo ndipo penye hatari.

Chukua mtu wa kilo 80 aliyeanguka mita 2, kisha kamba ikamsimamisha ndani ya sentimita 10. Nguvu inayomkamata inapita tani moja na nusu. Kamba inaweza kustahimili, mbavu na uti wa mgongo haviwezi.

Kamba ya plastiki, ile ya bluu au njano unayoipata kila duka, ilitoka kwenye viwanda vya miaka ya 1950 na baadaye ndiyo iliyoliua soko la katani. Ni rahisi, haiozi, inafaa kufungia mzigo kwenye pikipiki. Juu ya paa usiitegemee: jua huila, fundo lake huteleza, na ikisuguliwa kwa kasi huyeyuka.

Kamba inayofaa ilitokana na nailoni, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1935 na kutumika sana wakati wa vita kuu ya pili. Mwaka 1953 kampuni ya Kijerumani ya Edelrid ikatoa kamba yenye kiini cha nyuzi ndani na ala iliyofumwa nje. Wapanda milima wakaipenda, na wachunguzi wa mapango wakajifunza kupanda na kushuka kwa kamba za namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ujuzi wao ulikuwa umehamia kwenye mitambo ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, na kanuni yake ikawa hii: kamba mbili, moja ya kazi na moja ya kukuokoa, kila moja na mahali pake pa kufungwa.

Mkanda nao una historia yake. Zamani mafundi walivaa mkanda wa kiuno. Ukianguka nao hukubana tumbo, au unachomoka ukining'inia kichwa chini. Marekani ilipiga marufuku kuutumia kukamata mtu anayeanguka kuanzia Januari 1, 1998. Kwa hiyo ukiuona kwenye mitumba, uache. Tafuta mkanda wa mwili mzima wenye alama EN 361, kamba yenye EN 1891, na kifyonza mshtuko chenye EN 355, ambacho hupunguza nguvu hadi kama kilo 600. Kamba iliyotumika na usiyemjua aliyeitumia usiinunue hata kwa bei ya bure.

Kwa paa la kijijini, hata hivyo, ushauri wangu ni mwepesi zaidi: ipime kamba iwe fupi, usiweze kabisa kufika ukingoni. Asiyefika ukingoni haanguki. Ipitishe juu ya kofia ya paa, uifunge upande wa pili kwenye shina la mti imara. Usiifunge kwenye papi, na kamwe usiifunge kwenye gari. Dereva akisahau na kuondoka, umekwisha. Pale inapopita kwenye makali ya bati weka gunia lililokunjwa. Na awepo mtu chini mwenye ngazi, maana anayening'inia bila kujitikisa damu humkusanyikia miguuni, naye anaweza kuzimia ndani ya dakika chache.

Bei ya seti nzima ni kubwa kwa kaya moja, hilo nalijua. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kununua moja na kuikodisha, na daftari la nani alichukua lini. Wewe mwenye duka, mteja akisema ni ya kupandia paa, usimuuzie ya bluu. Na ukimwajiri fundi, sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003 inakugusa na wewe.

Ukishamaliza kazi ikunje, itundike kivulini, mbali na mbolea na maji ya betri.