Magomvi ya Ndani ya Chama na Dawa Yake

Wahenga walinena kuwa vyombo vikaavyo pamoja havina budi kugongana. Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, twaona yafaa kuwakumbusha wanachama na viongozi wao jinsi wana ushirika waliotutangulia walivyogombana, na jinsi walivyopatana au kushindwa kupatana.

Watu 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao tarehe 21 Desemba, 1844, hawakuwa na nia moja katika kila jambo. Wengine walikuwa watu wa kanisa, wengine wafuasi wa Robert Owen. Mwaka 1850 mabishano ya dini yaliingia katika chama chao. Mkutano haukumziba mtu kinywa. Uliamua kwamba kila mwanachama anayo haki ya kunena juu ya jambo lolote, mradi alilete kwa wakati wake na kwa utaratibu. Tena mwenye hisa nyingi alikuwa na kura moja tu, sawa na mwenye hisa chache.

Huku kwetu, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na KNCU. Wakati huo bei ya kahawa duniani ilikuwa imeanguka, na sheria ilimlazimu mkulima wa Kichaga kuuza kahawa yake kwa njia ya KNCU. Shabaha ilikuwa njema, maana kahawa iliyokusanywa pamoja ina nguvu sokoni kuliko ya watu waliotawanyika. Lakini mkulima aliyepokea malipo ya kwanza kidogo, akangoja ya pili pasipo kuelewa makato, hakosi kushuku kuwa anaibiwa. Mwaka 1937 baadhi ya wakulima walikwenda mahakamani, wengine wakavunja maghala ya vyama vyao wenyewe, na serikali ya kikoloni ikazima fujo hiyo kwa nguvu.

Nguvu huzima fujo, haiondoi shaka. Shaka huondolewa na hesabu inayosomeka. Ndiyo sababu twakihesabu Chuo cha Ushirika, kilichoanzishwa Moshi mwaka 1963, kuwa miongoni mwa dawa za magomvi. Maana mwanachama ajuaye kusoma vitabu vya chama huuliza swali mahali pa kurusha jiwe.

Basi, ndugu wanachama, tuyashike haya. Mizani ionekane na mwenye mazao. Makato yasomwe mkutanoni kabla ya malipo, si baada ya manung'uniko. Katibu aulizwaye asikasirike, na mwanachama mwenye lalamiko alilete katika mkutano, si kilabuni. Wakishindwa kupatana, wachague wasuluhishi wasio na upande, na hukumu yao iheshimiwe. Tukifanya hivyo, watoto wetu watakirithi chama hiki kikiwa kizima.