Bweni Lenye Vyuma Madirishani

Kila bweni linapoteketea nchini Kenya, mjadala huanza na aliyewasha moto. Mimi huvutwa zaidi na swali jingine: nani aliufunga mlango, naye alikuwa akimwogopa nani?

Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, wavulana wa Shule ya Sekondari ya St Kizito, Meru, waliwavamia wasichana waliokataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana walikimbilia bweni moja. Wavulana wakalivunja na kuingia. Wasichana 19 walikufa, 71 wakabakwa. Mzazi aliyesikia habari ile, asingetamani mlango mzito zaidi na dirisha lenye vyuma? Katika fikra hiyo bweni ni boma: adui yuko nje, mtoto yuko ndani.

Moto haukutiwa katika hesabu hiyo. Mnamo Machi 1998, katika shule ya wasichana ya Bombolulu, huko Pwani, zaidi ya wasichana 20 waliangamia katika bweni lenye vyuma madirishani. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, ikawa zamu ya Kyanguli, Machakos. Petroli ilimwagwa bwenini usiku, na walioshtakiwa walikuwa wanafunzi wawili wa shule hiyohiyo. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa. Wavulana 67 walikufa. Vyuma vya Kyanguli havikumzuia mchomaji; viliwazuia waliokuwa wakimkimbia. Hasira ya wachache, ambayo katika jengo lenye milango wazi huenda ingeishia kwenye magodoro yaliyoungua, ilipewa na jengo lenyewe uwezo wa kuua kwa makumi.

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: milango katika ncha zote mbili, ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda. Ni waraka mzuri, tena unasomeka. Hata hivyo, Septemba 2024, wavulana 21 walikufa katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, ndani ya bweni la mbao na mabati lililolaza watoto zaidi ya 150.

Mwalimu mkuu mmoja aliniambia kwamba akiving'oa vyuma, magodoro yataibwa kabla muhula haujaisha. Hofu yake siibezi, maana wezi wapo. Nilimuuliza tu usiku ule ufunguo wa bweni ulikuwa kwa nani. Alifikiri kidogo, kisha akampigia simu mlinzi.