Mkono wa Idi na Zawadi ya Kwanzaa: Kazi ya Mikono Mjini Toronto

Kwa Waswahili wa pwani, kile apewacho mtoto asubuhi ya sikukuu huitwa mkono wa Idi. Pengine ni sarafu, pengine nguo mpya, pengine kofia. Jina halikitaji kitu chenyewe bali kiungo kilichokitoa. Mwanafunzi wa historia ya zawadi hana budi kusita kwenye neno hilo, hasa anapoutazama mji wa Toronto, ambako Kiswahili cha kupeana kiliingia kwa milango miwili isiyojuana.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa Los Angeles. Mwaka 1966 Maulana Karenga aliasisi Kwanzaa, sikukuu ya siku saba ianzayo tarehe 26 Desemba, akaivika maneno ya Kiswahili: mkeka, kinara, mishumaa saba, kikombe cha umoja, mazao, muhindi, na zawadi. Zawadi hiyo ina masharti. Hupewa watoto hasa, na isikose kitabu pamoja na kitu cha kukumbusha urithi. Kilichotengenezwa kwa mkono hupewa heshima zaidi, kwa sababu sikukuu ilikusudiwa kukaa mbali na pilikapilika za maduka ya Krismasi, na kwa sababu siku ya sita, tarehe 31 Desemba, imewekwa chini ya neno kuumba.

Kwanzaa ilipovuka mpaka na kuingia Kanada, iliwakuta watu walio tayari kuipokea. Baada ya sheria za uhamiaji kubadilishwa mwaka 1967, wahamiaji kutoka visiwa vya Karibiani waliongezeka sana Toronto, na eneo la barabara za Bathurst na Bloor likawa moyo wa maisha yao. Mwaka 1968 Leonard na Gwendolyn Johnston walifungua duka lililoitwa Third World Books and Crafts, ambalo baadaye lilikuwa Bathurst. Jina lake linastahili kusomwa polepole: vitabu na kazi za mikono. Ni masharti yale yale mawili ya zawadi ya Kwanzaa. Si lazima kudai kwamba wenye duka walimfuata Karenga. Inatosha kuona kwamba haja ilikuwa moja. Katika mtaa huo huo lilisimama pia Honest Ed's, duka maarufu la vitu rahisi, lililofunguliwa mwaka 1948 na kufungwa tarehe 31 Desemba 2016. Siku ya kuumba, kwa bahati.

Mlango wa pili ni wa Waafrika Mashariki wenyewe. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na Kanada ikawapokea zaidi ya 6,000. Wakafuata wengine kutoka Kenya, Tanzania na Kongo. Waliofika Toronto waliyakuta baadhi ya maneno yao yamewatangulia, yakiwa yamewekwa mezani na watu ambao wengi wao hawakuwa wakizungumza lugha hiyo. Baadhi ya Waswahili walicheka. Neno muhindi, kwa mfano, liliweza kuleta kizaazaa katika mji uliokuwa umetoka kuwapokea Wahindi wa Kampala. Lakini kicheko hicho hakikuwa cha haki kabisa, kwani meza ya Kwanzaa ilihifadhi jambo ambalo wenye lugha walikuwa wameanza kulisahau.

Jambo lenyewe ni mkeka. Kwenye orodha ya Karenga ndio unaobeba vitu vingine vyote, na pwani ni kazi ya wanawake: miaa hukaushwa, hutiwa rangi, husukwa ukili mrefu, kisha kili hushonwa ubavu kwa ubavu hadi upana utimie. Katika shule nyingi za Amerika Kaskazini watoto huufanya mkeka huo kwa vipande vya karatasi, wakipitisha kimoja juu na kingine chini. Mswahili aliyezoea mkeka wa plastiki sebuleni mwake huenda akaudharau ule wa karatasi. Hata hivyo, kati ya hiyo miwili, ni ule wa mtoto unaofuata njia ya msusi.

Kofia ya viua inaonyesha upande mwingine wa suala hili. Huko Unguja na Lamu, kofia hii huchorwa nakshi kwenye kitambaa cheupe, kisha huchomwa vitundu vidogo na kila kimoja kikazungushiwa uzi kwa sindano. Ni kazi ya wiki nyingi, mara nyingine miezi. Mke alimshonea mumewe, dada alimshonea kaka, na saa alizotumia hazikuhesabiwa na mtu. Siku hizi kofia zishonwazo kwa mashine ni tele, na muumini anayeelekea sala ya Idi mjini Toronto anaweza kuvaa moja bila kujua ilikotoka. Ile ya mkono nayo huuzwa, na bei hupanda kila inapobadilisha mikono, ingawa haikupanda kwa yule aliyeumiza macho.

Hapo ndipo swali la kuchagua zawadi linapokuwa zito kuliko linavyoonekana. Kusema kitu kimetengenezwa kwa mkono hakutoshi. Lazima kuuliza mkono wa nani, na ulilipwa nini. Kwanzaa ina neno kwa ajili hiyo, ujamaa, linalohusu uchumi wa kushirikiana, japo katika maelezo ya zawadi hutajwa kwa nadra kuliko kuumba. Kanga nayo inatufundisha tahadhari ya kinyume: ni kitambaa cha kiwandani, lakini anayemchagulia shoga yake doti kwa kulipima jina lake neno kwa neno amefanya kazi ambayo mashine haikuifanya. Mfanyakazi mwenzake wa ofisini, asiyesoma Kiswahili, atahitaji kuelezwa jina hilo, na maelezo yale ni sehemu ya zawadi.

Kofia ya viua ina sharti moja zaidi, ambalo umbali haujaliondoa. Haivutiki. Anayetaka kumtumia mjomba kofia ya Idi kutoka Unguja hadi Toronto hana budi kwanza kupata kipimo cha kichwa chake, na kipimo hicho bado huchukuliwa na mtu aliyesimama karibu naye, kwa utepe au kwa uzi.