Mzinga Ni Rahisi Kuupata, Kuubeba Ndiyo Kasheshe

Ukicheza Age of Empires II, mzinga mkubwa unaupata kwa mbao 225 na dhahabu 225. Ukishalipa, umemaliza. Unajitembeza wenyewe, hauli, hauchoki, na kwenye hesabu ya watu unahesabika kama mtu mmoja tu. Ndiyo maana mchezaji akishiba dhahabu anarundika mizinga, na mabishano ya gemu za vita hayaishi: mizinga ipunguzwe nguvu au ipandishwe bei?

Jibu lipo huku huku nyumbani, kwenye milima ya Njombe na Ludewa, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Tarehe 11 Julai 1915, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao ya kivita Königsberg kwenye delta ya Rufiji, baada ya Waingereza kuichakaza kwa makombora. Mizinga yake 10 ya milimita 105 ikaopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam na kutengenezewa magurudumu. Kwa lugha ya gemu, hiyo ni mizinga ya bure kabisa, tena ya nguvu. Kumbe gharama ndiyo kwanza inaanza!

Mbung'o walikuwa wanaua ng'ombe, farasi na nyumbu. Aliyebaki kubeba ni binadamu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 25, na kombora moja la mzinga ule pamoja na ganda lake ni uzito huo huo. Kombora moja, mtu mmoja. Ukitaka makombora 100, tafuta watu 100. Kila mmoja akila kilo moja ya unga kwa siku, safari ya siku 10 inataka kilo 1,000, yaani wapagazi wengine 40, na hao nao wanakula. Hapo bado hujawahesabu wanaovuta mzinga wenyewe kwa kamba kwenye matope.

Sasa ipeleke hesabu hiyo Ludewa. Kutoka Manda, bandari ya Ziwa Nyasa ambayo Wajerumani waliiita Wiedhafen, mpaka nyanda za Njombe, unapanda zaidi ya mita 1,000. Majeshi yote mawili yalipita nyanda hizi, na yote yalikula vya wanakijiji.

Tabora ilipoanguka Septemba 1916, vikosi vya Kijerumani vilirudi kusini kwa miguu. Mwishoni mwa Novemba kimoja kilijisalimisha Ilembula, pamoja na mzinga wake wa milimita 105. Mzinga ulikuwepo, na haukukiokoa.

Mizinga ya Königsberg nayo ikapotea mmoja mmoja. Wajerumani walipovuka Ruvuma Novemba 1917, hawakuwa na hata mmoja. Cha ajabu, bila hiyo wakahangaika mwaka mzima zaidi: wakazunguka Msumbiji, Oktoba 1918 wakapita tena Ubena, na mwezi uliofuata wakajisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Mkononi walikuwa na mzinga mmoja tu, wa kuteka kwa Wareno.

Kwa hiyo mtengenezaji wa gemu asihangaike kuupunguzia mzinga nguvu. Auache upige vilevile, ila kila zamu ule chakula, ushike nafasi ya watu 100, na mlimani utambae kama kinyonga. Hapo mchezaji atafikiria mara mbili kabla ya kununua.

Na kuna deni kubwa kuliko la gemu. Mizinga ile inakumbukwa kwa jina la meli yake. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na magonjwa, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, imewataja wapagazi kwa maandishi. Lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Mtu mwenye mzigo kichwani, aliyeilipa bei yote, hayupo.