Bunduki ya Sekenke na Macho ya Mzee

Mwaka jana baraza la kijiji kimoja chini ya mlima wa Sekenke, wilayani Iramba, lilipendekeza baba yangu mkubwa anyang'anywe leseni ya bunduki. Kosa lake lilikuwa kwamba alilenga nyani waliokuwa wakimaliza mtama wake, na chembe kadhaa za marisawa zikamwingia mbuzi wa jirani aliyekuwa pembeni kabisa. Mbuzi alikufa. Fidia ililipwa siku hiyo hiyo, lakini maneno hayakwisha: mzee haoni tena, silaha mikononi mwa kipofu ni hatari. Aliniita, si kwa sababu najua bunduki, bali kwa sababu, kwa maneno yake, “wewe mwanangu umesomea mambo ya zamani, na hii ni ya zamani.”

Ni bunduki ya mitutu miwili iliyolala sambamba, ya mtutu laini usio na mifuo ndani. Masimulizi ya ukoo yanasema ilipandishwa mlimani na msimamizi mmoja wa machimbo wakati wa Waingereza, kisha ikabaki. Machimbo yenyewe wasomaji wangu wanayafahamu: dhahabu ya Sekenke ndiyo Wajerumani waliyoifulia sarafu za rupia 15 pale Tabora mwaka 1916, zile zenye picha ya tembo, vita vilipowakatia fedha kutoka kwao.

Lakini historia ya silaha katika nyanda hizi ina umri mkubwa kuliko machimbo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa takataka za majeshi ya Ulaya. Miaka miwili baadaye Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha kuingia katika eneo kubwa la Afrika, ila ukaacha mlango kwa gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida. Kwa Kiswahili cha wazi: Mwafrika aliruhusiwa kuwa na bunduki, mradi iwe ya karne iliyopita. Mwaka 1896 Gavana Wissmann akaongeza kanuni za uwindaji zenye leseni, na Waingereza wakaweka sheria yao ya wanyamapori mwaka 1921. Mkulima aliyelinda shamba lake akajikuta ni mwombaji wa kibali.

Miaka kadhaa kabla ya hapo, mafundi wa Uingereza walikuwa wakishindana juu ya jambo dogo sana. Pape wa Newcastle alipata hataza mwaka 1866, na Greener wa Birmingham akashangaza watu katika majaribio ya London mwaka 1875. Jambo lenyewe ni choki: kuubana mdomo wa mtutu kwa kiasi kisichozidi milimita moja hivi, katika sentimita chache za mwisho, ili marisawa yasitawanyike mapema. Ndiyo maana bunduki ya mitutu miwili kwa kawaida huwa na mtutu wa kulia ulio wazi kwa mnyama wa karibu, na wa kushoto uliobanwa kwa yule aliyekwisha kukimbia.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Unasimamisha karatasi kubwa, unarudi nyuma yadi 40, yaani mita 37 hivi, unafyatua, kisha unachora duara la kipenyo cha inchi 30 palipo na matundu mengi zaidi na kuyahesabu. Mtutu usiobanwa huingiza kama asilimia 40 ya marisawa ndani ya duara. Uliobanwa kikamilifu, asilimia 70. Risasi moja haitoshi kuhukumu.

Tulitumia karatasi za mifuko ya saruji. Tulipasua ganda moja tukahesabu chembe 190. Mzee, mwenye leseni, alifyatua mwenyewe akiegemeza bunduki kwenye gunia la mchanga, mara tatu kila mtutu. Wa kulia uliingiza wastani wa 73. Wa kushoto, uliotarajiwa kukaribia 130, uliingiza 75. Hata hivyo katikati ya kila duara palikuwa karibu kabisa na alama tuliyochora kwa mkaa. Macho yalikuwa mazima. Bunduki ndiyo iliyomwaga marisawa kama mchele uliotoboka gunia.

Nilidhani ni uchafu, maana masizi na risasi huganda mdomoni. Tukasugua, hapakubadilika kitu. Ndipo nilipotazama midomo yenyewe. Mitutu ya namna hii huelekeana kidogo kidogo, ikifika mwisho hugusana. Hii haikugusana, kati yake palikuwa na pengo lililojazwa risasi iliyoyeyushwa, na kitone cha shaba cha kulengea kilikuwa kimechomelewa upya, vibaya. Ilikuwa imekatwa. Mtutu ukiingia tope huchanika mdomoni, na fundi huondoa palipochanika. Ameondoa na choki pamoja nayo.

Kwa miaka yote hiyo ofisi iliyohusika (sitaitaja) ilikuwa ikikagua jina, namba na ada. Fomu haikuwa na swali lolote juu ya bunduki inatupa wapi.

Sasa nikawa na barua ya kuandika. Ningeweza kueleza macho tu na kunyamazia mitutu. Mzee alinitazama kama anayeniomba nifanye hivyo. Niliandika yote mawili: kwamba anaona, na kwamba silaha hii isifyatuliwe kwa mnyama aliye mbali kuliko hatua 20, wala palipo na mifugo. Baraza liliondoa pendekezo lake. Polisi, kwa kufuata barua yangu ile ile, waliichukua bunduki kwa ukaguzi, na mpaka ninapoandika haijarudi.

Mtama wa mwaka huu unalindwa kwa madebe matupu na watoto wawili. Mzee huzungumza nami kwa simu kila Ijumaa, na hajaitaja bunduki hata mara moja.