Sumu ya pamoja ya dawa (upimaji kwa bakteria)

Sumu ya pamoja ya dawa ni madhara yanayoletwa na mchanganyiko wa dawa mbili au zaidi kwa kiumbe kimoja. Bakteria hupimwa mara nyingi kwa kuwa ni rahisi kufuga na huzaliana upesi.

Kanuni

Hesabu mbili kongwe za kutabiri madhara hayo zingali zinatawala. Ya mwanasayansi Loewe (1926) hujumlisha dozi za dawa zinazoshambulia kwa njia moja. Ya mwanasayansi Bliss (1939) ni ya dawa ambazo kila moja ina shabaha yake. Madhara yakizidi hesabu, dawa zimesaidiana, yakipungua, zimepingana. Mfano maarufu wa kusaidiana umo katika kidonge cha Septrin: miligramu 400 za sulfamethoksazoli na 80 za trimethoprimu, zinazowazuia bakteria kutengeneza foleti katika hatua mbili zinazofuatana.

Kipimo cha mwanga

Kipimo mashuhuri humtumia Aliivibrio fischeri, bakteria wa baharini anayeng'aa gizani. Hutiwa kwenye maji yanayochunguzwa, yakiwa na chumvi na baridi ya nyuzi 15, kisha mwanga wake husomwa baada ya dakika 5, 15 au 30. Ukififia, ameumia.

Ni kipimo chepesi, lakini kwa antibaiotiki kinadanganya. Nyingi kati ya hizo huzuia bakteria kukua na kugawanyika, jambo lisiloonekana ndani ya nusu saa. Watafiti wa Bremen, Ujerumani, waliochapisha mwaka 2000 uchunguzi wa mchanganyiko wa antibaiotiki kumi za kundi la kwinoloni, walisubiri saa 24. Hesabu ya Loewe ikatabiri matokeo kwa usahihi wa kupendeza.

Magole na bonde la Wami

Nje ya maabara pia dawa huchanganyika, na Magole ni mfano. Ni kata ya Wilaya ya Kilosa, Tanzania, katika bonde la Mto Wami, kando ya barabara ya Morogoro–Dodoma. Wakulima humeza Septrin; wafugaji huchoma ng'ombe sindano za OTC, yaani oksitetrasaiklini. Sehemu ya dawa hizo hutoka mwilini ingali na nguvu. Januari 2014 mafuriko makubwa yalizikumba Magole na Dumila na kuvunja daraja la Mto Mkundi; maji ya namna hiyo husomba vya chooni na vya zizini kwa pamoja. Kupima kila dawa peke yake hapa hakutoshi.

Umuhimu

Mpango wa Taifa wa Tanzania wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa (2017–2022) uliunganisha sekta za afya ya binadamu na mifugo, ambazo dawa zake hukutana majini.