Neno «Moli»

Hapa Hewa Bora, Lubumbashi, katika eneo la Katanga lililoitwa Shaba enzi za Zaire, mwanafunzi aliyeshika kiganjani kipande cha waya wa shaba, naye akaulizwa uzani wa atomu 3.011 × 10²³ zilizomo, hana budi kuanza na neno moli, yaani jumla ya chembe 6.022 × 10²³, kama korija ilivyo jumla ya vitu 20. Agawanye idadi kwa jumla hiyo, apate nusu moli; kisha azidishe kwa gramu 63.55, uzani wa moli moja ya shaba: takriban gramu 31.8. Wadhanio kuwa moli ni uzani wamekosea. Moli ni hesabu. Walimu wetu, tafadhalini, lifafanueni neno hili kabla ya kuandika kanuni ubaoni.